Jina, Ukoo na Nasaba: Kumfuatilia Mskoti wa Awali katika Nchi ya Wakipsigis

1. Utangulizi

Magharibi ya mji wa Kericho, nchi inapoanza kuteremka kuelekea Sondu na mbuga za Nyanza, ndiko iliko Sigowet. Mashariki yake kuna nyanda za juu zenye mvua nyingi, zilizofunikwa na majani ya chai. Chini yake kuna Soin, jina ambalo katika Kikipsigis hutaja nchi ya chini yenye joto. Mzee wa huko akiulizwa yeye ni nani, kwa desturi hatosheki na jina peke yake. Hutaja ukoo wake, yaani oret, na mnyama wa ukoo huo; hutaja ipinda, yaani rika alilotahiriwa nalo; ndipo jina lifuate. Mskoti akiulizwa swali hilohilo hutaja jina la baba, kisha parokia aliyobatiziwa, kisha mwaka. Kila mmoja amejibu kwa ukamilifu, na kila mmoja ameacha nje yale ambayo mwenzake huyahesabu kuwa ndiyo jibu.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza yanayompata mtafiti pale ambapo njia hizi mbili za kuhesabu nasaba zinakutana katika nyumba moja. Mfano uliochaguliwa ni wa Ian Quiller Orchardson, mlowezi wa asili ya Kiskoti aliyefika Kericho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaishi miongoni mwa Wakipsigis kwa miaka mingi, akaoa kwao, na kuandika habari zao. Hoja itakayotetewa ni kwamba jina la mtu ni waraka wa kihistoria wenye sarufi yake, na kwamba asiyeijua sarufi hiyo hupoteza njia hata akiwa na hati zote mkononi.

2. Waskoti katika Afrika ya Mashariki

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Orchardson hakuwa Mskoti wa pekee. Joseph Thomson, aliyepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884, alizaliwa Penpont. William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuitawala nchi kabla ya serikali yenyewe, alizaliwa Campbeltown mwaka 1823. Alexander Mackay, mmisionari na fundi wa Buganda, alitoka Rhynie. Misheni ya Kiskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Ukikuyu mwaka 1898, na Thogoto ikawa kituo chake kikubwa.

Katika Kericho, Uskoti ulijulikana zaidi kwa sura ya biashara. Baada ya vita, mwaka 1919, serikali ilitenga ekari 25,000 kwa maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, nao wakakusudia kulima kitani. Bei ya kitani ilipoporomoka, mpango huo ulikufa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaangukia mikononi mwa makampuni ya chai. Miongoni mwao ilikuwamo James Finlay, kampuni iliyoasisiwa Glasgow mwaka 1750, ambayo ilikaa Kericho kwa karibu karne nzima. Habari za makampuni huhifadhiwa na makampuni yenyewe: hesabu, mikataba, ramani. Habari za mtu mmoja aliyeacha jamii ya walowezi wenzake na kuingia katika boma la wenyeji hazina mtunzaji wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo zinahitaji njia nyingine.

3. Jina lenye mwana ndani yake

Ian Orchardson alikuwa mwana wa Sir William Quiller Orchardson, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1832, akahamia London mwaka 1862, akapewa cheo cha heshima na mfalme mwaka 1907, na kufariki mwaka 1910. Picha yake ya Napoleon akiwa juu ya jahazi la Bellerophon, iliyochorwa mwaka 1880, inajulikana mpaka leo.

Hapo mtafiti anakutana na mtego wa kwanza. Aghalabu atakimbilia daftari za Uskoti, kwa kuwa anayetafutwa ni Mskoti. Uskoti una daftari nzuri kweli: tangu tarehe 1 Januari 1855 kila kizazi, ndoa na kifo huandikishwa na serikali, na hati ya kifo ya Uskoti hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Lakini mchoraji alizaliwa kabla ya mwaka 1855, hivyo habari zake hazina budi kutafutwa katika vitabu vya ubatizo vya parokia. Nao watoto wake, kwa kuwa alioa mwaka 1873 akiwa amekwisha kuhamia London, yafaa watafutwe kwanza katika daftari za Uingereza, zilizoanza mwaka 1837 na ambazo hati zake za kifo hazikuwataja wazazi. Mtu anaweza kuwa Mskoti kwa nasaba na Mwingereza kwa makaratasi. Hili ni jambo dogo, lakini watafiti wengi wamepoteza miezi kwa kutolijua.

Daraja ya kuvuka pengo hilo imo katika jina lenyewe. "Quiller" halikuwa jina la kubatiziwa la kawaida. Lilikuwa jina la ukoo wa mama yake mchoraji, Elizabeth Quiller. Waskoti walikuwa na desturi ya kulipachika jina la ukoo wa mama katikati ya majina ya mtoto ili lisipotee, na pia desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi kwa utaratibu maalumu: mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo mtu wa Kericho aliyejiita Ian Quiller alikuwa amebeba jina la bibi yake kutoka Edinburgh. Neno moja katikati ya jina linamwonyesha mtafiti njia ya vizazi viwili.

Nalo jina la mwisho lina historia yake. Inasimuliwa kwamba "Orchardson" ni umbo lililogeuka la "Urquhartson", jina la ukoo wa nyanda za juu uliokaa kando ya ziwa Loch Ness, mahali palipo na bonde na ngome iitwayo Urquhart. Kiisimu, mageuzi hayo yanaeleweka. Jina lisilo na maana katika masikio ya wasemaji wa Kiingereza lilivutwa kuelekea neno walilolijua, nalo ni neno la bustani ya matunda. Wanaisimu wanaijua tabia hii katika lugha zote: msikiaji husahihisha asichokielewa kiwe anachokielewa. Hata hivyo, uwezekano wa kifonolojia si ushahidi wa nasaba. Kila anayelitumia simulizi hili hana budi kuonyesha, kizazi baada ya kizazi, mahali ambapo mwandishi wa parokia alibadili tahajia. Bila mnyororo huo, Urquhart hubaki dai la familia, lenye thamani kama dai.

Kiambishi "-son" mwishoni mwa jina kina maana ya "mwana wa". Zamani katika nyanda za juu za Uskoti jina la namna hiyo, kama lile la "Mac", lilibadilika kila kizazi, kwa sababu kila mtu ni mwana wa baba yake mwenyewe na si wa babu. Katika visiwa vya Shetland desturi hiyo ilidumu mpaka karne ya 19. Baadaye sheria, kodi na kanisa viliyagandisha majina hayo, na mjukuu wa kumi akaendelea kuitwa "mwana wa" mtu asiyemjua.

4. Arap

Msomaji anayeijua nchi ya Wakipsigis amekwisha kuona kufanana kwa jambo hili na lile la huko. Mtoto wa kiume wa Kikipsigis hupewa jina linalohusu saa au hali ya kuzaliwa kwake: Kipkoech ni wa alfajiri, Kibet ni wa mchana, Kiprotich ni wa saa ya ng'ombe kurudi nyumbani, Kiplang'at ni wa usiku unapoingia. Mtoto wa kike hupewa jina la mzizi uleule kwa kiambishi kingine: Chepkoech, Chebet, Cherotich, Chelang'at. Baada ya kutahiriwa, mwanamume huchukua jina la baba yake bila kiambishi chake cha mwanzo, likitanguliwa na neno arap, ambalo maana yake ni "mwana wa".

Tuseme Kiplang'at ana mwana aitwaye Kipkoech. Mwana huyo akishatahiriwa ataitwa arap Lang'at. Mwanawe, Kiprono, ataitwa arap Koech. Na mwana wa Kiprono ataitwa arap Rono. Vizazi vitatu vya nyumba moja vina majina matatu. Kinyume chake, watu elfu waitwao arap Rono hawana udugu wowote wa lazima. Baba zao wote walizaliwa saa ya mbuzi kurudi zizini, basi. Jina la arap linafuata nasaba hatua moja tu, kisha linanyamaza. Kinachoendelea ni ukoo na mnyama wake, na hayo hayaandikwi popote katika jina.

Liko pia jina la tatu, la kurenet. Mtoto anapozaliwa, wanawake wazee huyataja majina ya jamaa waliofariki, mmoja baada ya mwingine, huku mtoto akinusishwa ugoro. Jina linalotajwa anapopiga chafya ndilo la marehemu aliyemrudia. Jina hili ndilo linalofanana zaidi na lile "Quiller" la katikati, kwa kuwa linamfunga mtoto na mtu maalumu wa vizazi vilivyopita. Lakini halikuandikwa katika hati. Mtafiti anayesoma hati peke yake hatalipata kamwe. Anayeketi na bibi wa nyumba atalipata kwa swali moja.

Serikali ya kikoloni ilipoleta kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyotiwa nguvu baada ya vita, karani aliandika jina alilolisikia. Shule na misheni zikaongeza jina la ubatizo. Tangu hapo, mwana wa arap Koech akawa naye Koech, na mjukuu Koech, kama vile Orchardson alivyobaki Orchardson. Mageuzi yaliyochukua karne kadhaa katika Uskoti yalikamilika Kericho katika muda wa vizazi viwili. Anayetafuta nasaba ya Kikipsigis lazima kwanza ajue jina lililo mbele yake liligandishwa mwaka gani, maana kabla ya mwaka huo linasema jambo moja, na baada yake jambo jingine.

5. Mtoto aliye kati ya daftari mbili

Sasa tufikirie mtoto wa baba Mskoti na mama Mkipsigis, aliyezaliwa Kericho katika miaka ya 1910 au 1920. Ataandikwa wapi?

Uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza nchini mwaka 1904, nao uliwahusu Wazungu. Kwa Waafrika haukuenea nchi nzima mpaka mwaka 1971. Ndoa ya kimila nayo haikuwa na hadhi mbele ya mahakama: katika kesi ya Amkeyo ya mwaka 1917, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba muungano wa kimila haustahili kuitwa ndoa kama sheria ya Kiingereza inavyoielewa. Na mwaka 1909, kufuatia mashtaka dhidi ya afisa mmoja wa Nyeri, Lord Crewe alitoa waraka wa siri wa kuwakataza maafisa wa makoloni kukaa na wanawake wa nchi. Waraka huo haukuwabana walowezi wa kawaida, lakini uliweka wazi jinsi watawala walivyoliona jambo lenyewe: lilikuwa aibu ya kufichwa. Kinachofichwa hakiandikwi.

Hivyo mtoto huyo hakuwa na mahali dhahiri katika daftari ya Wazungu, kwa kuwa ndoa ya wazazi wake haikutambuliwa, wala hakukuwa na daftari ya Waafrika ya kumpokea. Ukimya wa hati si dalili kwamba mtu hakuwako. Ni dalili ya sheria iliyotawala kalamu. Mwanahistoria anayehitimisha kwamba hapakuwa na watoto kwa sababu hakuwakuta katika daftari amerudia uamuzi wa mahakama ya mwaka 1917 bila kujua.

6. Nasaba kama mapatano

Je, upande wa Wakipsigis mtoto huyo alikuwa na nafasi gani? Kwa desturi, ukoo hutoka kwa baba. Baba mgeni hana ukoo wala mnyama, na asiye na ukoo hajulikani ni nani anayeweza kumwoa na ni nani asiyeweza. Ugumu huu ni wa kweli, wala hautatuliwi kwa maneno mazuri.

Lakini Wakipsigis walikuwa na uzoefu mrefu wa kuwapokea wageni. Watu wengi wa asili ya Kigusii na ya Kimasai waliingia katika koo zao, wengine kwa njaa, wengine kwa vita, na wajukuu wao ni Wakipsigis kamili. Tena, desturi yao inamruhusu mwanamke asiye na mwana kuoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya huyo aliyetoa mahari. Kwa hiyo baba anayetajwa katika nasaba ya Kikipsigis ni yule ambaye ng'ombe wake walitolewa mbele ya mashahidi. Nasaba ni mapatano yaliyoshuhudiwa. Haikukusudiwa kuwa taarifa ya mwili.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba katika hili Waskoti ni tofauti kabisa. Daftari ya parokia nayo iliandika baba aliyekubaliwa na kanisa, na wazee wa kanisa walikaa kama mahakama kuwahoji wanawake ambao watoto wao hawakuwa na baba anayetambulika. Kote kuwili nasaba ni uamuzi wa jamii. Tofauti iko katika mashahidi: Uskoti walikuwa ni karani na wino, Kericho walikuwa ni wazee na ng'ombe.

7. Majina yasiyokuwemo jaladani

Orchardson mwenyewe aliacha kazi kubwa. Maandiko yake ya miaka ya 1929 hadi 1937 yalihaririwa na A. T. Matson, ambaye aliyafupisha na kuyaandika upya kwa sehemu, yakachapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1961 kwa jina The Kipsigis. Kabla ya hapo, mwaka 1939, J. G. Peristiany alikwisha kutoa kitabu chake juu ya taasisi za jamii hiyohiyo. Baada ya uhuru Wakipsigis waliandika juu yao wenyewe: Taaitta Toweett alichapisha mwaka 1979 uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin.

Thamani ya Orchardson ni kwamba hakuandika kama mpita njia. Alizijua koo kutoka ndani ya nyumba. Lakini hapo ndipo penye deni kubwa. Jalada la kitabu lina majina mawili, yote ya Wazungu. Wazee waliomfundisha hawamo jaladani. Wala mkewe hamo, ambaye kwa lugha yake watoto wa nyumba hiyo walijifunza kusema. Jina la Quiller, bibi wa Edinburgh, limehifadhiwa kwa uangalifu katika jina la mjukuu aliyekufuatia karibu karne moja. Upande wa pili wa nasaba hiyohiyo, bibi wa Kikipsigis anategemea kumbukumbu za wazee, na wazee hawadumu. Utafiti unaoanza na kuishia kwa Mskoti kwa sababu ndiye mwenye hati utakuwa umeandika nusu ya nasaba na kuiita nzima.

8. Uzito wa jambo

Mtu anaweza kuuliza kuna faida gani kusumbuka na nasaba. Katika nchi ya chai jibu halihitaji kutafutwa mbali. Mwaka 1934, kwa sheria maalumu, serikali iliwahamisha watu wapatao 700 wa ukoo wa Talai kutoka Kericho mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Hawakuhukumiwa mmoja mmoja kwa kosa. Walichukuliwa kwa kuwa walikuwa wa ukoo huo. Nasaba, ambayo mahakama za kikoloni hazikuitambua ilipohusu ndoa, ilitambuliwa barabara ilipohusu adhabu. Na mwaka 2022, Wakipsigis na Talai walipoipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa ajili ya ardhi waliyonyang'anywa, swali la nani ni mzao wa nani lilirudi tena likiwa na uzito wa ekari.

Katika hali hiyo, mzao wa Mskoti na Mkipsigis yuko mahali pagumu. Jina lake linaweza kumweka upande wa waliochukua ardhi. Ukoo wa mama yake unamweka upande wa walionyang'anywa. Nasaba iliyoandikwa kwa uvivu itamlazimisha kuchagua. Nasaba iliyoandikwa kwa haki itaonyesha kwamba yuko kote kuwili.

9. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, "-son" na arap ni tungo za aina moja zilizogandishwa kwa nyakati tofauti, na mtafiti lazima ajue tarehe ya kuganda kabla ya kulitumia jina kama ushahidi. Pili, ukimya wa daftari za kikoloni unaeleza sheria ya wakati huo kuliko maisha ya watu. Tatu, hati za Edinburgh na London na kumbukumbu za wazee wa Sigowet na majirani zao ni ushahidi wa daraja moja: kila upande husahihishwa kwa upande wa pili.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha kuliko ya idara nyingine yoyote. Hati za Uskoti zimehifadhiwa vizuri, nazo zitangoja. Majina ya kurenet, wanyama wa koo na mahari yaliyoshuhudiwa yamo vichwani mwa watu wachache, na yanatajwa kwa Kikipsigis. Atakayekwenda kuyauliza hana budi kwanza ajifunze lugha hiyo, kama Orchardson alivyofanya.